Namna ya Kulitambua Gari la Kale la Michezo la Uingereza Katika Picha

Ndugu Mwenyekiti, ndugu watunzaji wa nyaraka, wapenzi wa magari ya kale, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo kila anayetunza albamu za zamani hukutana nalo mapema au baadaye. Katika picha kuna gari dogo la wazi lenye viti viwili, boneti ndefu, taa mbili kubwa zilizosimama kando ya rejeta, na gurudumu la akiba lililofungwa nyuma ya tangi la mafuta. Mgongoni mwa picha hakuna maandishi, au pana jina la mtu tu. Je, ni gari gani, na ni la mwaka gani?

Watu wengi hujibu papo hapo kwamba ni MG, na mara nyingi hawako mbali na ukweli, kwa kuwa kiwanda hicho cha Abingdon ndicho kilichoifanya sura hiyo ijulikane hata ng'ambo ya bahari. Hata hivyo, jibu hilo halimtoshi mtu anayetaka kuandika maelezo ya picha yatakayoaminiwa. Tangu MG ilipotoa gari lake la J2 mwaka 1932 hadi lilipotoka TF la mwisho mwaka 1955, magari ya aina kadhaa yalipita katika kiwanda hicho yakiwa na umbo lililokaribiana sana, na katika miaka hiyohiyo Singer, Riley, Morgan na HRG walitengeneza magari ambayo, yakitazamwa kwa mbali katika picha iliyofifia, yanaweza kumchanganya hata mzoefu.

Msimamo wangu katika kazi hii ni mmoja, na mengine yote nitakayosema yanatoka humo. Kila alama inayoonekana katika picha ipimwe kwanza kwa kujiuliza ingemgharimu mwenye gari kazi kiasi gani kuibadilisha. Beji hufunguliwa kwa bisibisi. Rangi hupakwa upya, rimu hubadilishwa kwa mchana mmoja, taa huongezwa na kuondolewa, na kibao cha namba ni kipande cha bati tu. Lakini umbali kati ya ekseli mbili, umbo la chasisi, namna springi za mbele zilivyofungwa, na jinsi madigadi yanavyopokelewa na mwili wa gari ni mambo ambayo hayaguswi ila kwa gharama kubwa. Anayeanza na beji anaanza na shahidi dhaifu kuliko wote, na jambo la kusikitisha ni kwamba karibu sote huanza na beji.

Kabla ya gari lenyewe, picha nayo ina ujanja wake. Filamu nyingi za nyeusi na nyeupe zilizotumika kabla ya miaka ya 1930 hazikuhisi rangi nyekundu, huku zikihisi buluu kupita kiasi. Kwa hiyo gari jekundu lilitoka karibu jeusi na la buluu likatoka limepauka. Yeyote anayedai kwamba gari fulani la miaka ya 1920 lilikuwa jeusi kwa sababu tu picha inaonyesha hivyo anakisia. Athari yake huonekana vizuri katika magari ya Bentley yaliyotengenezwa Cricklewood, kaskazini mwa London. Gari lao la lita tatu lilikuwa na beji za rangi mbalimbali, nyekundu, buluu au kijani, ambazo wapenzi wake hadi leo huzitumia kutofautisha aina zake. Katika picha isiyo na rangi, alama hiyo mashuhuri haina msaada wowote.

Picha pia huweza kuchapwa kinyume, kushoto kukawa kulia. Hili hutokea zaidi ya tunavyodhani, hasa pale filamu hasi ilipoingizwa mashineni upande usio wake. Tazama maandishi yoyote yaliyopo, vifungo vya koti la mwanamume, na zaidi ya yote usukani. Magari ya MG TC yalitengenezwa yote yakiwa na usukani upande wa kulia, hata yale yaliyopelekwa Marekani. Ukiliona TC lenye usukani kushoto, shuku kwanza uchapaji wa picha, kisha shuku kwamba pengine si TC.

Sasa tuje kwenye kupima. Ukibahatika kupata picha iliyopigwa kutoka ubavuni, chukua rula, pima umbali kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi kitovu cha gurudumu la nyuma, kisha ugawanye kwa urefu wa gurudumu lilivyosimama, tairi likiwemo. Uwiano unaoupata hautegemei ukubwa wa picha, na ndiyo maana ninaupenda kuliko makisio yoyote ya macho. Katika MG TC, umbali kati ya ekseli ni sentimita 239, na gurudumu lake la rimu ya inchi 19 lina kimo cha takribani sentimita 71, hivyo uwiano unakaribia 3.4. TD ina umbali uleule wa sentimita 239, ila rimu zake ni za inchi 15 na gurudumu zima lina takribani sentimita 66, na hivyo uwiano unapanda hadi kama 3.6. J2 ni fupi zaidi, sentimita 218, na magurudumu yake ni membamba na marefu. Uwiano wake uko karibu na 3.2. Tofauti hizi zinaonekana ndogo zikisomwa kwenye karatasi, lakini katika picha iliyo wazi zinapimika bila shida. Sharti ni kwamba kamera iwe imesimama ubavuni kwelikweli. Ikiwa magurudumu yanaonekana kama yai badala ya duara, kamera ilikuwa mshazari, urefu wa gari umefupishwa, na uwiano utatoka mdogo kuliko ulivyo. Hapo uutumie kama dokezo tu.

Tukae kidogo na mfululizo huu wa T, kwa sababu ndio unaoleta maswali mengi na ndio unaolipa subira. TA ilianza mwaka 1936. TB iliifuata mwaka 1939 ikiwa na injini mpya, na vita vikaikatiza baada ya kutengenezwa magari 379 tu. TC ilitoka mwaka 1945, mara tu vita vilipokwisha, ikaendelea hadi 1949, na yakatengenezwa takribani magari 10,000. Kwa macho ya haraka haya matatu ni gari moja: rimu za spoki, madigadi marefu yanayoteremka hadi kwenye kikanyagio cha pembeni, tangi la mafuta lililosimama nyuma, na kioo cha mbele kinacholazwa juu ya boneti. Tofauti ipo kwenye kikanyagio. TA na TB zina mistari mitatu ya kuzuia utelezi juu ya kila kikanyagio, wakati TC ina miwili, kwa kuwa mwili wake ulipanuliwa kwa takribani sentimita 10 sehemu ya viti na nafasi ya kikanyagio ikapungua. Ni jambo dogo kiasi kwamba hakuna mwenye gari aliyekuwa na sababu ya kulibadilisha, na kwa hoja niliyoieleza, udogo wake ndio unaoufanya ushahidi huo uwe mzito. Ama kuhusu TA na TB zenyewe, ikiwa boneti imefungwa na picha ni ya nje tu, mimi huandika "TA au TB" na kuishia hapo, kwa maana tofauti yao kubwa iko kwenye injini.

TD, iliyotengenezwa kutoka mwishoni mwa 1949 hadi 1953, hutambulika kwa urahisi zaidi. Ni pana, imeketi chini, ina bampa mbele na nyuma, na rimu zake ni za chuma zisizo na spoki. Bampa peke yake haitoshi, kwa sababu baadhi ya TC za mwisho zilizoandaliwa kwa ajili ya Marekani nazo zilikuwa na bampa; na rimu pekee hazitoshi, kwa sababu wapo waliozibadilisha. Ukiweza kuona chini ya rejeta, tazama huko. Katika TC utaona ekseli nzima ya chuma ikivuka kutoka gurudumu hadi gurudumu, na ncha za chasisi zikichomoza mbele zikiwa zimeshika springi ndefu bapa. Katika TD hakuna ekseli ya namna hiyo, kwani kila gurudumu la mbele lina springi yake iliyosokotwa mviringo (koili). Huo ndio ushahidi ambao fundi wa mtaani hawezi kuughushi kwa wikiendi moja. Kisha ikaja TF mwaka 1953: rejeta imelala kidogo nyuma, taa zimezamishwa ndani ya madigadi, na kifuniko cha rejeta kinachoonekana juu ni pambo tu lisilofunguka. Baadhi ya watu waliiona TF kuwa jaribio la kulipamba gari lililokwisha kuzeeka. Kwangu mimi ndiyo nzuri kuliko zote, ingawa hilo halihusiani na utambuzi.

Kwa magari yaliyokuja baada ya hapo, sura ya mbele husaidia zaidi, kwa kuwa madigadi na mwili vilikwisha kuunganishwa kuwa bati moja na grili haibadilishwi kirahisi. Triumph TR2 ya 1953 ina mdomo ulio wazi, na grili yake imerudishwa ndani kabisa kama iliyofichwa; TR3 ya 1955 ina grili iliyoletwa mbele hadi kwenye midomo ya tundu lilelile; na ile ambayo wote huiita TR3A, kuanzia 1957, ina grili pana inayokaribia taa pande zote mbili, pamoja na vitasa vya nje vya milango. Katika TR2 za mwanzo milango iliteremka hadi chini kabisa, ikawa inagonga kingo za barabara, na mwaka 1954 ikafupishwa. Picha ya ubavuni itakuonyesha hilo mara moja. Austin-Healey 100 ya 1953 ina grili iliyochongoka juu na kioo kinacholazwa, wakati 100-6 ya 1956 ina grili pana ya mviringo yenye fito za mlalo na tundu la hewa juu ya boneti. Katika Jaguar, XK120 ina bampa nyembamba na grili yenye fito nyingi nyembamba, XK140 ina bampa nzito zilizokamilika na fito chache nene, na XK150 ina kioo cha mbele cha kipande kimoja kilichopinda. Haya hujifunzwa upesi, na sitayarefusha.

Ugumu wa kweli uko nyuma zaidi, katika magari yaliyotengenezwa kabla ya 1931, ambayo klabu kongwe ya magari ya aina hii huko Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1934, huyahesabu kuwa kundi la pekee. Zama hizo kampuni kama Bentley iliuza chasisi yenye injini, rejeta na magurudumu, na mnunuzi akaipeleka kwa mjenzi wa mwili aliyemchagua mwenyewe, kama vile Vanden Plas. Chasisi mbili zilizotoka kiwandani wiki moja ziliweza kuishia moja ikiwa gari la familia lililofunikwa na nyingine ikiwa gari la mashindano. Hapa anayetazama milango na madigadi anamtambua mjenzi wa mwili, ilhali anayemtafuta mtengenezaji wa gari hana budi kuitazama rejeta, boneti na vitovu vya magurudumu. Vauxhall ndiyo rahisi kuliko zote, kwa sababu ya michirizi miwili iliyochimbwa katika boneti yake ikiambaa kutoka kwenye rejeta kuelekea nyuma. Aliyeiona mara moja haisahau, na gari lao la 30-98 hutambulika kwa michirizi hiyo hata pale ambapo picha imekata nusu ya gari.

Kuna jambo la kuchekesha kidogo hapa. Bentley nyingi zilizozaliwa zikiwa na miili mizito iliyofunikwa zilivuliwa miili hiyo miaka mingi baadaye na kuvishwa miili ya wazi, kwa kuwa soko lilitaka magari yanayofanana na yale yaliyoshinda mbio za Le Mans huko Ufaransa. Kwa sababu hiyo picha ya zamani huwa ushahidi bora kuliko gari lenyewe linaloonyeshwa leo. Msiyalinganishe magari ya picha zenu na yale yanayong'aa kwenye maonyesho, kisha mkahitimisha kwamba picha ndiyo yenye kasoro.

Sasa nizungumzie namba za usajili, ambazo ni msaada mkubwa kwa anayejua mipaka yake. Uingereza ilianza kusajili magari kwa utaratibu wa herufi za maeneo tarehe 1 Januari 1904. Herufi A ilikuwa ya London, na kadiri magari yalivyoongezeka, maeneo yakapewa herufi mbili, kisha kuanzia 1932 herufi tatu, ambapo mbili za mwisho ndizo zinazotaja eneo. Coventry, mji wa Jaguar na Triumph, ulikuwa na DU, HP, KV na VC miongoni mwa nyingine. Berkshire, ambako Abingdon ilikuwamo wakati huo, ilikuwa na BL, JB, MO na RX. Kuanzia 1963 iliongezwa herufi ya mwisho ya kuonyesha mwaka, na kufikia 1965 ikawa lazima nchi nzima. Vibao vyenyewe vilikuwa vyeusi vyenye maandishi meupe au ya rangi ya fedha, na vile vyeupe na vya manjano vinavyoakisi mwanga viliruhusiwa mwaka 1968.

Namba hiyo inakwambia gari liliposajiliwa mara ya kwanza, basi. Haikwambii lilikotengenezwa, wala haikuhakikishii kwamba namba haikuhamishwa kutoka gari jingine, jambo ambalo sheria ya Uingereza inaliruhusu. Mtego unaowanasa wengi ni herufi MG zenyewe zikiwa kwenye kibao. Zilikuwa herufi za usajili za Middlesex, na wauzaji wa magari ya MG wa eneo la London walizifurahia kwa sababu zilizo wazi, lakini lori la mboga nalo lingeweza kuzipata.

Tofautisheni pia umri wa gari na umri wa picha. Picha haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko gari lililomo. Kinyume chake kinawezekana kwa miongo mingi. Mavazi, majengo na magari mengine yaliyo nyuma yanataja siku ya picha. Zipo alama za Uingereza zilizo dhahiri zaidi. Kibandiko cha duara cha kodi ya barabara kilikaa kwenye vioo vya magari kuanzia 1921 hadi 2014, na katika picha kubwa iliyo wazi mwaka wake huweza kusomeka. Kibao cheupe chenye herufi L nyekundu, cha dereva anayejifunza, kilianza mwaka 1935. Wakati wa vita taa zilivishwa vifuniko vyenye matundu membamba, na kingo za madigadi zikapakwa rangi nyeupe ili zionekane gizani. Alama hii ya mwisho inaweza kumaliza ubishi peke yake: gari lenye sura ya MG ya mfululizo wa T, likiwa na vifuniko hivyo vya taa, haliwezi kuwa TC, kwa sababu TC ilitoka vita vikiwa vimekwisha. Lazima liwe TA au TB.

Yapo na magari ya kuiga. Zipo nakala za TD zilizojengwa kwa mwili wa plastiki juu ya chasisi ya Volkswagen Beetle, na hapa njia yangu ya rula inashindwa, kwa kuwa umbali kati ya ekseli za Beetle ni sentimita 240, karibu sawasawa na TD. Tazameni chini tena. Mbele ya Beetle pana mirija miwili ya chuma iliyolala kutoka upande hadi upande, ambayo TD haina, na injini iko nyuma, kwa hiyo bomba la moshi linaanza na kuishia hukohuko nyuma.

Kwa zile picha zinazopatikana katika nyumba za Afrika Mashariki, tafuteni kibao kidogo cha umbo la yai nyuma ya gari. Gari lililovuka mipaka lilitakiwa kuonyesha nchi lililotoka: EAK kwa Kenya, EAU kwa Uganda, EAT kwa Tanganyika, na EAZ kwa Zanzibar. Ukiona EAK kwenye gari lililoegeshwa mbele ya nyumba ya matofali huko Uingereza, kuna uwezekano mkubwa kwamba mwenyewe alisafiri nalo kwa meli, na hapo msako wako utahitaji nyaraka za pande mbili.

Kuhusu nyaraka, jumba la makumbusho ya magari la Gaydon lina kumbukumbu za viwanda vya MG, Triumph na Austin-Healey, na hutoa cheti kinachoeleza tarehe ya kutengenezwa, rangi ya awali na soko lililokusudiwa. Cheti hicho kinahitaji namba ya chasisi, ambayo picha haikupi kwa kawaida. Lakini namba ya usajili ikisomeka, vitabu vya usajili vilivyohifadhiwa katika baadhi ya kaunti huweza kukufikisha kwenye chasisi. Ikiwa namba utakayoikuta ni TC 0251, basi umelipata gari la kwanza la aina hiyo, kwani MG ilikuwa na desturi ya kuanza kuhesabu kutoka 251, namba ambayo husemwa kuwa ilichukuliwa kwenye simu ya kiwanda.

Mkimaliza, andikeni maelezo yanayobeba sababu zake. Msiandike "MG ya zamani, nyekundu, miaka ya arobaini". Andikeni: "MG TC, lililotengenezwa kati ya 1945 na 1949, limetambuliwa kwa mistari miwili ya kikanyagio, ekseli nzima ya mbele, na uwiano wa takribani 3.4, namba ya usajili haisomeki, rangi haijulikani, picha haikupigwa kabla ya mwishoni mwa 1945." Maelezo ya namna hiyo yanamruhusu mtu mwenye picha iliyo wazi zaidi kukubali sehemu moja na kuikataa nyingine bila kuibomoa kazi yote.

Ndugu Mwenyekiti, ninashukuru. Wenye picha wazilete mezani, tukianza na zile zinazoonyesha ubavu wa gari.